Sahani ya Pamoja na Amani ya Ujirani: Kulinda Chakula na Hafla Zetu Ngarama na Nakivale



Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa la jikoni, wala si la kituo cha polisi: chakula tunachokula pamoja katika harusi, ubatizo, misiba, sikukuu na siku za soko. Tumelichagua kwa makusudi. Katika eneo la mpakani lenye watu wa lugha na mataifa mengi, sahani ya pamoja huwafahamisha majirani haraka kuliko mkutano wowote. Kwa sababu hiyo hiyo, sahani hiyo ikileta maradhi, shaka na chuki huzaliwa kwa kasi ile ile. Mtu akitapika usiku baada ya karamu, swali la kwanza katika nyumba nyingi huwa "Nani ametulisha sumu?", ilhali lingepaswa kuwa "Tulikula nini, na kilitoka wapi?" Swali la pili huokoa maisha. La kwanza, likiulizwa kabla ya wakati wake, laweza kumwua mtu asiye na hatia.

Vyungu vingi, soko moja

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, hivyo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Yamo katika wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2006 na inayopakana na Tanzania upande wa kusini. Wenyeji wake wengi ni wakulima wa ndizi na wafugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu. Kwa miaka mingi wamewapokea watu kutoka Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea na Sudani Kusini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtambua mkimbizi kuwa mtu mwenye haki ya kufanya kazi na kutembea nchini kwa kufuata taratibu, na biashara ya chakula ni mojawapo ya matunda ya haki hiyo.

Kila jamii imekuja na chungu chake. Mnyankore hukualika kwa matoke, kwa karo ya ulezi na kwa eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli unaoheshimiwa katika sherehe za kuhingira. Mkongomani husonga bugali wa muhogo na kuuandalia sombe iliyotwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Mrundi huleta maharage na ndagala, wale samaki wadogo waliokaushwa juani. Msomali hupika wali wenye viungo, anjera na sambusa. Mwethiopia hukaribisha kwa injera na kahawa iliyokaangwa mbele ya mgeni. Ziwa Nakivale hutoa samaki wake, nao hununuliwa na wote. Sokoni, Kiswahili ndicho kinachowawezesha watu hawa wote kupatana bei.

Vyakula hivi havikai mahali pamoja. Mikungu ya ndizi na magunia ya maharage hupanda magari kwenda Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na magari hayo hayo hurudi na unga, mchele, mafuta na sukari. Bidhaa nyingine huvuka mpaka kutoka Tanzania. Unga unaosongwa leo katika jiko moja la Ngarama huenda ulisagwa mjini, kutokana na muhogo uliolimwa wilaya nyingine, ukauzwa kwa jumla na mtu ambaye mpishi hajapata kumwona. Jambo hili msomaji alikumbuke, kwa maana ndilo kiini cha makala haya: mkono unaokupakulia ni wa mwisho tu katika mlolongo mrefu wa mikono.

Msimu wa hafla

Ipo sehemu ya mwaka ambapo hafla hufuatana kama ushanga. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Tarehe 26 Juni na 1 Julai Wasomali hukumbuka uhuru wao wa mwaka 1960. Tarehe 30 Juni ni uhuru wa Kongo, wa mwaka huo huo wa 1960. Tarehe 1 Julai ni uhuru wa Rwanda na wa Burundi, nchi mbili zilizopata uhuru siku moja mwaka 1962. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Hizo ni siku 18 tu tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Ongeza harusi, mahari na kuhingira, ambazo familia nyingi hupendelea kuziweka katika miezi hii ya kiangazi baada ya mavuno, nawe utaona ni vyungu vingapi vikubwa vinavyopanda mafigani kwa wakati mmoja.

Hafla hizi ni hazina. Kijana wa Kinyankore aliyekula wali nyumbani kwa rafiki yake Msomali siku ya Idi hatakuwa mwepesi wa kuamini uvumi juu ya Wasomali. Mama wa Kikongomani aliyepewa maziwa na jirani mwenyeji wakati wa uzazi hatasahau. Migogoro ya mipaka ya mashamba na ya mifugo iliyoingia mashambani hutulia upesi zaidi pale ambapo pande mbili zimewahi kukaa mkeka mmoja. Kwa hiyo polisi hatuzitazami hafla kama mzigo. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 212, imetuagiza kulinda maisha na mali, kuzuia uhalifu na kushirikiana na raia. Na hapana mahali raia wanapopatikana kwa wingi na kwa moyo mkunjufu kuliko kwenye karamu.

Shaka ya sumu

Hata hivyo, tusijifiche ukweli. Hofu ya kulishwa sumu ni kongwe katika nchi zetu za Maziwa Makuu. Mashariki ya Kongo watu husema "karuho"; Rwanda na Burundi husema "uburozi"; Ankole husema "oburogo". Maneno ni tofauti, hofu ni moja. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mwenyeji huonja kinywaji kabla ya kumkabidhi mgeni, na chupa hufunguliwa mbele ya anayeinywa. Desturi hizo ni za adabu, nazo zafaa kuendelezwa.

Tatizo huja pale hofu inapogeuka kuwa hukumu. Watu kadhaa wanaugua baada ya msiba. Mmoja anakumbuka kwamba mama fulani, mjane au mgeni wa kabila jingine, ndiye aliyekoroga mboga. Mwingine anakumbuka kwamba mama huyo aligombana na wafiwa kuhusu kiwanja. Kabla ya mapambazuko habari imekwishatoka mtaa mmoja hadi wa pili kwa simu, na kila anayeipokea huiongezea chumvi. Kufika asubuhi, wagonjwa hawajafikishwa kwa tabibu, chungu kimekwisha kuoshwa, na umati umesimama mlangoni mwa mtu. Hapo hasara huwa tatu kwa pamoja: mgonjwa amechelewa matibabu, ushahidi umepotea, na mtu mmoja yumo hatarini bila kusikilizwa.

Somo la Kasese

Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, ambayo nayo iko mpakani kama sisi ila ni mpakani mwa Kongo, palifanyika mazishi. Baada ya mazishi hayo watu 33 walilazwa katika Hospitali ya Bwera wakiwa na maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara. Mtu anaweza kukisia ni tuhuma ngapi zingeweza kuzuka kwa tukio la namna hiyo, kwa kuwa lilikuwa na kila kitu kinachohitajiwa na uvumi: kifo, mkusanyiko, chakula cha pamoja na ugonjwa wa ghafla.

Wataalamu wa afya hawakuanza kwa kumtafuta mtu. Walianza kwa kutafuta chakula. Waliwauliza wagonjwa walichokula, wakalinganisha na walichokula watu wasiougua, wakapeleka sampuli maabara. Waligundua kwamba wagonjwa walikuwa 98, na wawili kati yao walifariki. Sababu ilikuwa sayanidi iliyomo katika unga wa muhogo. Walipofuata njia ya unga huo kutoka sahanini hadi dukani, na kutoka dukani hadi ghalani, walikuta ni shehena moja iliyotoka kwa muuzaji mmoja wa jumla. Polisi waliukamata unga huo kwa wauzaji wa rejareja, na wananchi wakatangaziwa namna ya kutayarisha muhogo kwa usalama.

Tutafakari jambo hilo. Laiti watu wangemkamata mpishi wa msibani, unga ungebaki madukani na kuendelea kuuzwa, na waliokula siku iliyofuata wangeugua pia. Kumshika mtu kungewatuliza watu kwa saa chache. Kuushika unga kuliwakinga ambao bado hawajala.

Sayanidi hiyo haikutiwa na adui. Muhogo, hasa mchungu, unayo kwa asili yake, na ukame huiongeza. Akina mama wa Kongo wanajua dawa yake tangu zamani: muhogo humenywa, huloweshwa majini siku tatu au zaidi mpaka ulainike, hukatwakatwa, huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, ndipo husagwa. Kila hatua hupunguza sumu. Anayefupisha siku za kuloweka kwa kuwa soko linamsubiri huuza unga ambao kwa macho hauna tofauti na ulio mzuri. Vilevile sombe: kutwanga vyema na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika sufuria si mbwembwe za upishi, ni kinga.

Sumu zisizo na adui

Muhogo si peke yake. Ziko hatari nyingine tatu zinazofaa kufahamika, kwa kuwa kila moja imewahi kuua watu katika nchi hizi, na kila moja hufanana machoni pa mtu na kazi ya mchawi.

Ya kwanza ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisitisha kwa muda uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na wafanyabiashara wa mpakani wakaona malori yao yakisimama. Basi anayeanika mahindi yake juu ya turubai na kuyahifadhi pakavu hulinda tumbo la jirani na pia biashara ya nchi.

Ya pili ni kimeta. Mwishoni mwa mwaka 2023, katika wilaya ya Kyotera, isiyo mbali nasi na inayopakana na Tanzania kama sisi, wakazi walipatwa na uvimbe na vidonda vya ngozi visivyoeleweka, na baadhi yao wakafariki. Wapo walioamini kuwa ni uchawi, wakaenda kwa waganga badala ya kwenda hospitali. Vipimo vilionyesha kuwa ni kimeta, ugonjwa unaompata binadamu kwa kumchuna, kumkata au kumla mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo. Ng'ombe aliyejifia si kitoweo, hata bei yake ikiwa ndogo namna gani. Azikwe kwa maelekezo ya daktari wa mifugo.

Ya tatu ni pombe kali isiyojulikana ilikotoka. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa katika wilaya ya Kabale na jirani zake kwa kunywa waragi uliochanganywa na methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha macho na kuua. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vya plastiki. Anayeendelea kuziuza kwa siri katika sherehe hamfanyii mwenye sherehe hisani.

Njaa nayo ni sababu

Haitakuwa haki kuzungumzia usalama wa chakula bila kutaja uhaba wake. Tangu Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limelazimika kugawa msaada kwa wakimbizi wa Uganda kwa makundi, kulingana na uhitaji wa kila familia: wengine hupata sehemu tu ya mgao kamili, na wengine hawapati kabisa. Mtu mwenye njaa hana siku tatu za kungojea muhogo ulainike. Mtu mwenye njaa huokota mahindi yenye ukungu, akayapepeta na kuyasaga. Mama aliyebakiwa na shilingi chache huchagua nyama ya bei ndogo bila kuuliza mnyama alikufaje.

Tunayasema haya kwa sababu mbili. Kwanza, tujue kwamba madhara yanayotokea mezani mara nyingi huletwa na dhiki, na dhiki haina kabila. Pili, karamu katika wakati wa uhaba huwavuta watu wengi ambao hawakualikwa. Mwenyeji mwenye hekima hupanga tangu mapema namna ya kuwapokea, kwa kuwaketisha watoto na wazee kwanza na kupakua kwa kiasi, badala ya kuwaacha vijana kusukumana mlangoni. Ugomvi mwingi wa karamuni huanza kwa sahani moja iliyopungua.

Kabla ya hafla

Yafuatayo hayahitaji fedha nyingi, yahitaji mpangilio.

Mwenyeji na amjulishe mwenyekiti wa LC I wa kijiji, au kiongozi wa Baraza la Ustawi wa Wakimbizi kwa walio ndani ya makazi, na kituo cha polisi kilicho karibu, hasa pakitarajiwa watu wengi au sherehe ya usiku. Taarifa hii si ombi la ruhusa ya kufurahi. Hata Sheria ya Kusimamia Utulivu wa Umma ya mwaka 2013 haikuihesabu mikusanyiko ya kijamii, ya dini na ya utamaduni kuwa mikutano ya hadhara. Faida ya taarifa ni kwamba pakitokea jambo, sisi tunajua njia ya kufika na mtu wa kumwuliza.

Kamati ya maandalizi na imteue mtu mmoja wa kusimamia vyungu. Kazi yake si kupika. Ni kujua kila kilichoingia jikoni na aliyekileta. Aandike katika daftari la hafla: unga kwa nani, nyama kwa nani, mafuta kwa nani, siku gani. Ukurasa mmoja watosha. Ukurasa huo ndio utakaomtetea mpishi siku ya tuhuma, na ndio utakaomwelekeza mpelelezi kwa muuzaji.

Nyama na inunuliwe palipokaguliwa na daktari wa mifugo. Tunawakumbusha kwamba wilaya zetu za wafugaji hufungiwa masoko ya mifugo mara kwa mara kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo; wakati wa zuio hilo, nyama inayouzwa kichakani usiku ina sababu ya kujificha. Penye mchanganyiko wa dini, mpeni Mwislamu achinje, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Na penye nyama ya nguruwe, chungu chake na mwiko wake viwe mbali na vingine. Maziwa yachemshwe.

Chakula kilichopikwa asubuhi kisingoje jioni bila kupashwa moto mpaka kichemke. Maji ya kunawa na sabuni viwekwe mahali pa kuonekana, si nyuma ya nyumba. Mwishowe, msimamizi wa vyungu aweke pembeni kiasi kidogo cha kila chakula katika chombo safi chenye kifuniko, akitunze mpaka kesho yake jioni. Wageni wakiamka salama, kitupwe. Wakiugua, chombo hicho kina thamani kuliko mashahidi kumi.

Watu wakiugua

Inapotokea kwamba watu wawili au zaidi waliokula pamoja wameugua, tufuate utaratibu huu.

Kwanza, mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja. Asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe dawa za kubahatisha. Tena, asiguswe ovyo: kutapika na kuhara kwaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kuambukiza wala si wa chakula. Mkoa wa Kagera, ng'ambo tu ya mpaka wetu, ulipatwa na mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Uganda nayo ilipatwa na Ebola mwaka 2022 na mwaka 2025. Tabibu ndiye awezaye kutofautisha, na kila saa inayopotea kwa waganga na mabishano ni saa inayompa ugonjwa nafasi.

Pili, chungu kisioshwe. Masalio ya chakula, unga uliobaki, chupa na mifuko vifunikwe na kuwekwa mbali na watoto na mifugo. Msiwape mbwa au kuku ili kujaribu. Jaribio hilo halithibitishi kitu, na huumaliza ushahidi.

Tatu, polisi wapigiwe simu kwa namba 999 au 112, ambazo hazilipiwi. Wakimbizi wanaweza pia kupiga bila malipo namba 0800 323 232 ya UNHCR na washirika wake. Semeni ni wangapi wameugua, walikula nini, lini na wapi. Msitaje mtu kwa kukisia.

Nne, orodha ya waliokula iandikwe, pamoja na wasiougua. Hao wasiougua wana msaada mkubwa, kwa maana kile ambacho wao hawakula ndicho kinachoanza kutiliwa shaka.

Tano, anayetuhumiwa na umati alindwe. Mwenyekiti wa LC, mchungaji, imamu au mzee yeyote anayeheshimiwa na asimame mlangoni pake mpaka polisi wafike. Kumpeleka mtu kituoni kwa usalama wake si kumhukumu.

Sita, mtu akifariki, wafiwa wasiharakishe kuzika kabla ya kuwaona tabibu na polisi. Tunaheshimu desturi na dini zinazotaka maziko ya mapema; ndiyo sababu tunaomba kuarifiwa mapema, ili uchunguzi ufanyike bila kuchelewesha stara ya marehemu.

Kazi ya polisi na mipaka yake

Hatusemi kwamba hakuna mtu anayemlisha mwenzake sumu kwa kusudi. Wapo, nalo ni kosa kubwa mbele ya sheria. Kuuza chakula au kinywaji chenye madhara huku ukijua pia ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Lakini makosa hayo huthibitishwa kwa vielelezo. Masalio mliyoyatunza huweza kupelekwa katika Maabara ya Serikali iliyopo Wandegeya, Kampala, na majibu yake hueleza ni sumu gani na imo katika chakula kipi. Kutoka hapo mpelelezi hufuata njia ya chakula, mkono kwa mkono, mpaka afike penye kosa. Mhalifu wa kweli hufurahia sana umati unapomwua mtu mwingine, kwa kuwa kesi yake huzikwa pamoja na mtu huyo.

Kifungu cha 28 cha Katiba kinaeleza kwamba kila anayeshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo au yeye mwenyewe akiri. Ulinzi huo ni wa raia na wa mkimbizi, wa mwenyeji na wa mgeni. Anayeshiriki kumpiga mtuhumiwa hadi kufa ameshiriki kuua. Kusema "tulikuwa wengi" si utetezi mahakamani. Naye anayesambaza jina la mtu kwa simu na kumwita mlisha sumu bila ushahidi ajue kwamba maneno yake yanaweza kumfikisha mahakamani.

Kwa upande wetu, mnayo haki ya kutudai. Kutoa taarifa polisi ni bure. Dhamana ya polisi ni bure. Asiyejua Kiingereza wala Kinyankore ana haki ya kusikilizwa kwa lugha anayoielewa, na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya taifa hili kwa mujibu wa Katiba. Ofisi ya afisa wa polisi wa uhusiano na jamii iko wazi kwa kamati yoyote ya hafla inayohitaji ushauri kabla ya siku yenyewe, na ofisi ya kitengo cha watoto na familia iko wazi kwa mjane au mama yeyote anayeanza kunong'onezewa kuwa mchawi. Asingoje mpaka minong'ono iwe mawe.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, lakini hapa kwetu, ambapo wengi waliacha ndugu zao wa damu ng'ambo ya mipaka, jirani ndiye aliyekuja kuwa ndugu, na mara nyingi amekuwa hivyo kwa kualikwa kula. Tuulize chakula chetu kilikotoka. Tumpe heshima anayekipika. Na siku kikitudhuru, tushike chungu, tusimshike jirani.

Tunawatakia hafla njema na amani katika nyumba zenu.